Daktari Anayesimamiwa

ATHUMANI: Hamjambo wasikilizaji. Mombasa leo mvua tangu alfajiri, Tudor imegeuka ziwa, na Bi Mwanaidi kaingia studio na viatu mkononi.

MWANAIDI: Usinianike bwana. Soma huo ujumbe.

ATHUMANI: Ni wa sauti, kutoka kwa mama mmoja wa Kisauni. Binti yake amemaliza uzamifu wa saikolojia Marekani. Nyumbani walishaanza kupanga siku ya biriani. Sasa binti kapiga simu, asema amepata nafasi ya mwaka mmoja katika kituo cha ushauri nasaha cha chuo kikuu, na humo kazini atasimamiwa. Mama auliza: daktari gani huyu wa kusimamiwa? Kwani alifeli?

MWANAIDI: Hakufeli, mama, na majirani wasianze maneno. Kule shahada ni kitu kimoja, leseni ni kingine. Chuo chakupa udaktari, lakini ruhusa ya kukaa na mgonjwa peke yako yatoka kwa jimbo, na kila jimbo lina sheria yake. California wataka saa 3,000 za kazi chini ya msimamizi, na angalau 1,500 kati ya hizo ziwe baada ya shahada. Yako majimbo mengine ambayo hayadai tena saa za baada ya shahada. Halafu kuna mtihani wa leseni, uitwao EPPP. Kwa miaka mingi umekuwa na maswali 225, na yanayohesabiwa ni 175 tu.

ATHUMANI: Na hayo 50?

MWANAIDI: Yanajaribiwa kwa ajili ya mitihani ijayo. Na wewe uliyekaa chumbani hujui ni yapi.

ATHUMANI: Roho mbaya hiyo.

MWANAIDI: Tena kumbuka, kabla ya kupewa shahada keshapitia mwaka mzima wa mafunzo tarajali. Huu wa sasa ni wa juu yake.

ATHUMANI: Sasa hapo kituoni kutwa afanya nini?

MWANAIDI: Asubuhi huenda ni zamu yake ya kuwapokea wapya. Hapo una muda mfupi wa kupambanua nani aweza kusubiri wiki mbili, na nani hafai kutoka mlangoni leo bila mpango. Baadaye ana wale anaowaona kila wiki, kwa kawaida vikao vichache, kwa sababu foleni ni ndefu na vituo vingi vya vyuo havimudu kumshika mtu mwaka mzima. Ana kikundi, pengine cha waliofiwa. Profesa apiga simu: mwanafunzi wangu kaandika insha imenitia hofu, nifanye nini? Jioni yuko mabwenini anazungumza habari za usingizi na pombe. Na mara nyingi yeye mwenyewe hupewa mwanagenzi wa kumsimamia, huku mkubwa wake akiangalia anavyomsimamia.

ATHUMANI: Msimamizi asimamiwa akisimamia! Na huyo mkubwa huonekana lini, au ni wa kutia saini tu?

MWANAIDI: Hapo ndipo penye kazi. Kuna chama kinachounganisha vituo vya mafunzo haya, APPIC. Kiwango chao: mafunzo ya baada ya shahada yasipungue saa 1,500, yamalizike kati ya miezi 9 na 24, na kila wiki angalau saa 2 za ana kwa ana na msimamizi. Vituo vingi hurekodi vikao kwa video. Mwaketi wawili, mwasimamisha picha: hapa alinyamaza, kwa nini wewe uliruka kumjibu? Ulikuwa wamsaidia yeye au waikimbia hofu yako?

ATHUMANI: Yaani mwanafunzi arekodiwa akilia?

MWANAIDI: Kwa idhini yake. Na maadili ya chama cha wanasaikolojia wa Marekani, APA, yasema lazima aambiwe waziwazi kwamba huyu anayemtibu yuko mafunzoni, na atajiwe jina la msimamizi.

ATHUMANI: Mimi ningesema basi niletewe huyo mkubwa mwenyewe.

MWANAIDI: Mimi ningemtaka mdogo. Mkubwa ana mikutano na ripoti, na hakuna anayekitazama kikao chake. Cha mdogo kimefikiriwa na vichwa viwili. Ni kama rubani mwanafunzi pale Kilindini: meli yaingia mlangoni mikono ikiwa yake, lakini rubani mzee yuko bega kwa bega naye.

ATHUMANI: Na mzee akikosea?

MWANAIDI: Swali zuri, na lina kesi yake. Chuo Kikuu cha California, Berkeley, 1969. Mwanafunzi mmoja, Prosenjit Poddar, alikuwa akitibiwa katika hospitali ya chuo. Akamwambia mwanasaikolojia wake kwamba ana nia ya kumuua msichana. Jina hakulitaja, lakini alijulikana: Tatiana Tarasoff. Mwanasaikolojia akawaarifu polisi wa chuo, kwa mdomo na kwa barua. Wakamshika, wakaona ana akili zake, wakamwachia. Halafu mkuu wa idara ya magonjwa ya akili, aliye juu ya huyo mwanasaikolojia, akaomba barua irudishwe, akaamuru nakala na maandishi ya matibabu yaharibiwe. Oktoba msichana akauawa. Hakuna aliyekuwa amemwonya yeye wala wazazi wake.

ATHUMANI: Lo! Kwa hivyo mdogo ndiye aliyeona.

MWANAIDI: Ndiye. Wazazi wakashtaki, na 1976 mahakama ya juu ya California ikaamua kwamba mtaalamu ana wajibu wa kumlinda mtu anayetishiwa, siri ya mgonjwa isiwe kisingizio. Kila anayefanya mafunzo kule huisoma kesi hii. Mimi naisoma vingine kidogo: mafunzo mazuri yampe mdogo njia ya kumpinga mkubwa, na pa kwenda akipuuzwa. Kituo kisicho na njia hiyo, mwaka mzima pale utajifunza kutii.

ATHUMANI: Turudi nyumbani. Vyuo vyetu hapa?

MWANAIDI: Tuna Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya 2014, na bodi ya kusajili. Hiyo ni hatua. Lakini nina mwenzangu, mshauri wa chuo kimoja hapa pwani. Yuko peke yake ofisini, na mlango wake watazamana na wa mkuu wa nidhamu. Nani ataingia? Akitaka msimamizi, alipa mfukoni mwake.

ATHUMANI: Na mambo anayoambiwa si mepesi.

MWANAIDI: Hata kidogo. Na tusisahau, kifungu cha 226 cha sheria yetu ya adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa, hadi miaka 2 jela. Mahakama Kuu imekibatilisha Januari 2025 tu. Miaka yote hiyo kijana alikuwa akipima: nikisema, nitasaidiwa au nitapelekwa Makupa polisi? Woga huo hautoki kwa hukumu moja. Na wapo wanaofika kwetu baada ya kusomewa ruqya, kile kisomo cha Qurani cha kumponya mgonjwa. Vitabu tulivyosomea havikutufundisha pa kuanzia na kijana huyo. Hayo ndiyo ningependa kuwa na mtu wa kukaa naye kila wiki niyazungumze.

ATHUMANI: Basi tumjibu mama.

MWANAIDI: Mama, mwache akae. Ila aulize kabla ya kusaini. Saa hizi zitakubaliwa na jimbo gani? Analipwa mshahara au posho tu, na bima imo? Nani msimamizi wake, na akiwa likizo nani yuko? Na kama yuko kwa viza ya mwanafunzi, ile ruhusa ya kufanya kazi baada ya masomo ni miezi 12. Tarehe za kazi na za ruhusa zilingane, zisimwache hewani katikati ya wagonjwa.

ATHUMANI: Kuna ujumbe mwingine, kijana wa Likoni. Auliza: mshauri wa chuo aweza kumpigia babangu simu bila kuniambia?

MWANAIDI: Hilo si la kujibu kwa dakika mbili. Weka tangazo kwanza, tukirudi tulifungue.