Kaa Nyumbani: Nyumbani ni Wapi?

Habari za jioni, ndugu zangu. Nashukuru kualikwa, na nawashukuru zaidi akina mama mliotoka zamu mkaja moja kwa moja bila kupitia kwenu kupumzika. Nimeombwa nizungumzie korona na wafanyakazi wa mashamba ya maua wanaotoka mbali. Nitazungumzia hapa hapa Naivasha, kwa sababu ndipo nilipoishi miezi hiyo yote.

Tarehe 13 Machi 2020 mgonjwa wa kwanza alitangazwa Kenya. Haukupita muda, redio na simu zikaanza kutuambia: kaa nyumbani. Sasa muulize mkata waridi wa mtaa wa Karagita nyumbani kwake ni wapi. Hatakuonyesha chumba cha mabati anachokilipia kodi. Atakutajia Siaya, Vihiga, Kisii, Homa Bay, huko magharibi. Waluo wana maneno mawili: ot ni nyumba, unapolala, dala ni nyumbani, penye makaburi ya wazee wako. Wenye umri wangu wanaikumbuka kesi ya mjane na ukoo kuhusu mahali pa kumzika wakili S. M. Otieno. Maisha yake ya kazi yalikuwa Nairobi, lakini mwaka 1987 alizikwa Nyalgunga, Siaya. Nchi nzima ilibishana juu ya maneno hayo mawili. Miaka 33 baadaye amri ikaja kana kwamba ni neno moja.

Nayo maua hayangoji. Waridi hukatwa kabla halijafunguka, likaingia chumba cha baridi, likapanda lori hadi uwanja wa ndege, na baada ya siku moja au mbili liko kwenye mnada Uholanzi. Machi ni mwezi mkubwa, maana Siku ya Akina Mama ya Uingereza mwaka huo iliangukia tarehe 22. Maua yalikuwa tayari. Wiki hiyo hiyo maduka ya Ulaya yakafungwa, bei mnadani zikaporomoka, oda zikafutwa. Ndege za abiria, ambazo hubeba mizigo pia tumboni, nazo zikasimamishwa. Lakini mti wa waridi hauwezi kuambiwa usubiri. Usipoukata unaharibika, na msimu ujao huna kitu. Kwa hiyo watu wachache walibaki kukata maua na kuyamwaga. Mimi nililiona rundo moja lililopita kimo cha mtu, rangi zote, na akina mama wamesimama kando hawasemi neno.

Wengine waliambiwa waende likizo bila malipo. Kibarua wa msimu hakuambiwa lolote. Simu tu haikulia.

Hapo ndipo msaada ulipompita. Serikali ilitangaza kwamba mwenye mshahara usiozidi shilingi 24,000 kwa mwezi hatakatwa kodi ya mapato. Ni jambo jema, na sitalibeza. Ila aliye likizo bila malipo hana mshahara wa kukatwa kodi, na mshahara wa wengi waliobaki ulikuwa mdogo kiasi kwamba kodi hiyo ilikuwa haiwagusi. Chakula cha msaada kiligawiwa kwa orodha za wakazi. Kwao vijijini wafanyakazi hao walihesabiwa kuwa wako Naivasha wanakula mshahara. Hapa tuliwaita wageni. Miaka mingine pesa hutoka Naivasha kwenda kijijini. Aprili ile nilimwona ajuza akimtumia binti yake shilingi 500 kwa M-Pesa na debe la mahindi kwa basi, na sijapata kuona hivyo tena.

Mtasema, kwa nini asiende tu kwao? Kwa nauli gani? Matatu ya watu 14 iliruhusiwa kubeba 8, nauli ikapanda. Na ukifika, kijiji kinakuogopa, wewe uliyetoka kwenye kampuni za wazungu. Ukibaki, ploti nzima ina mfereji mmoja na vyoo viwili, halafu unaambiwa ukae mbali na mwenzio. Mwaka huo huo Ziwa Naivasha likafura, maji yakaingia nyumba za mtaa wa Kihoto, watu wakazidi kubanana.

Jirani yangu mmoja aliondoka Aprili na watoto watatu, shule zikiwa zimefungwa. Julai msimamizi akampigia: maua yananunuliwa tena, njoo Jumatatu, uje na barakoa. Alipofika alikuta kufuli jipya mlangoni. Godoro, jiko na sare zake za kazi vilikuwa vimeshikwa kwa kodi ya miezi mitatu. Alianza kazi akilala kwa rafiki, watu watano chumba kimoja.

Ukitazama hesabu za mwaka 2020, Kenya iliuza nje maua ya zaidi ya shilingi bilioni 100. Hesabu ya mwaka haikuonyeshi Aprili. Ndiyo maana nawaomba ninyi wa kaunti, wa chama cha wafanyakazi na wenye mashamba mliopo hapa: mwandikeni mfanyakazi kwa makazi yake yote mawili, na mkubaliane sasa hivi, kabla ya janga jingine, ni nani atakayelipa kodi ya chumba mtu akiambiwa aondoke.

Nimalizie na mwaka uliofuata. Tarehe 26 Machi 2021, wiki moja kabla ya Ijumaa Kuu, kaunti tano zilifungwa: Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na hii yetu ya Nakuru. Hakuna kutoka, hakuna kuingia. Pasaka ndiyo safari ya kwenda nyumbani, mnajua wenyewe. Jirani yangu yule alifiwa na mama mkwe siku hizo. Mazishi yalikuwa ya watu wachache, yakafanywa haraka, hata kibali cha kusafiri hakijapatikana. Alituma mchango, akaazima simu yenye picha, akaangalia jeneza likishushwa katika dala ambayo hakuweza kufika. Kisha akavaa sare, maana gari la kampuni lilikuwa limeshapiga honi barabarani.