Mche wa hoho ukigeuka njano, yurea ingoje

Wazee wangu, mama zangu, ahsanteni kwa kuja na baridi hii ya Julai hapa Lushoto. Nitaanza na baridi yenyewe, maana miche mingi ya hoho ninayoletewa mwezi huu nikiambiwa ina njaa, shida yake si mbolea.

Tazameni huu nilioushika. Una majani sita, umetolewa chini ya neti siku nne zilizopita. Nikigeuza jani, mgongo wake ni wa zambarau. Mwenyewe alisema umekosa fosforasi, na hakukosea. Ila fosforasi ipo udongoni. Udongo ukishuka chini ya nyuzi joto 15 hivi, mizizi inashindwa kuifyonza. Ukiongeza DAP, mbolea yenye fosforasi, hapo unampakulia mtu aliyefungwa mdomo. Mwagilieni asubuhi jua likishapanda, wala si jioni, na subirini joto lirudi. Vifundo vya shina vikiwa vya zambarau, hivyo viacheni, ndivyo hoho ilivyo.

Mabaka meupe, makavu kama karatasi, kwenye majani yanayotazama juu tu? Hilo ni jua. Mche haukushupazwa. Ulihitaji siku 7 hadi 10 za kufunuliwa neti kidogo kidogo na kupunguziwa maji.

Sasa njano, inayotuponza wengi. Swali la kwanza ni moja: limeanza jani lipi? Naitrojeni inahama ndani ya mmea. Ikipungua, mche unamnyang'anya mzee na kumpa mtoto, kwa hiyo majani ya chini yanapauka kwanza, jani zima. Yakiwa ya chini lakini mishipa imebaki kijani, shukuni magneziamu. Chuma hakihami. Kikikosekana, kilele ndicho kinachopauka, mishipa ikibaki kijani. Na udongo wetu mwekundu una chuma tele! Ukiona hivyo, ulizeni kuhusu majivu. Tunayamwaga kitaluni kuzuia sota, wale viwavi wanaokata miche, yakizidi yanaondoa uchachu wa udongo, na chuma kinajifunga humo humo.

Lakini hata majani ya chini yakipauka, msikimbilie mfuko wa mbolea. Mwaka mmoja nilifanya hivyo mimi. Trei zangu ziligeuka njano, nikatia yurea, ile mbolea ya naitrojeni, mkono mzima, siku ya tatu ncha za majani zikaungua na miche ikalala. Nilipong'oa ndipo nikaona mizizi ya kahawia, laini, inayonuka kama maji ya mtaro. Nilikuwa naizamisha kwa maji kila siku. Mzizi usiopata hewa hauli, na jani lake linafanana kabisa na lenye njaa. Tangu hapo sitamki neno mbolea kabla sijang'oa mche mmoja na kuutazama mzizi. Ukiwa mweupe na mgumu kidogo, basi tuzungumzie njaa.

Kilele kikijikunja, kikawa kigumu na chenye kung'aa kama shaba, wengi husema mche umekosa kalisi, yaani kalsiamu. Hapo mimi nashuku utitiri kwanza. Ni wadogo mno, jicho tupu haliwaoni, tafuteni kioo cha kukuzia mkague mgongo wa majani machanga. Mbolea haiui utitiri.

Mkishajiridhisha kuwa ni naitrojeni, gramu 50 za yurea ndani ya lita 20 za maji zinatosha. Mwagieni miche 10 tu kwanza, iliyobaki iacheni bila kitu. Baada ya wiki linganisheni majani mapya. La zamani lililokwisha pauka sana huenda lisirudi, msilipime hilo.

Maneno yametosha. Trei tano zipo nje pale chini ya mparachichi, mbili nilizamisha maji makusudi na moja niliitia majivu. Kila mmoja ang'oe mche mmoja, aoshe mzizi kwenye ndoo, kisha aje aniambie ameona nini.