Kaburi Lililookoa Kilele: Historia ya Hifadhi ya Mount Mitchell

Mabibi na mabwana, habari za jioni. Mlima tutakaouzungumzia leo uko North Carolina, Marekani. Una mita 2,037, na mashariki ya mto Mississippi hakuna unaoupita. Kileleni kuna hifadhi ya jimbo, ya kwanza kabisa North Carolina. Nitakachodai ni kwamba bila ubishi wa wasomi wawili, huenda hifadhi hiyo isingekuwapo.

Elisha Mitchell alikuwa mchungaji na profesa wa chuo kikuu cha jimbo hilo. Mwaka 1835 alipanda milima ya Black Mountains, safu yenye kilele hiki, na barometa, chombo cha kupimia uzito wa hewa, ili ajue urefu wake. Kazi yenyewe ni hii: kadiri unavyopanda, uzito wa hewa hupungua. Unasoma barometa chini, unasoma nyingine juu, kisha unapiga hesabu ya tofauti. Lakini hali ya hewa ikigeuka katikati ya kazi, hesabu inavurugika, na kule ukungu hauna adabu. Hata hivyo, kipimo chake cha baadaye, cha 1844, kilipungukiwa mita nne tu hivi.

Miaka ya 1850 akajitokeza Thomas Clingman, mwanasiasa aliyesoma chuoni kwa Mitchell mwenyewe. Akasema kilele kirefu kuliko vyote amekipima yeye, na kwamba mwalimu wake alipanda kilele kingine. (Kipimo cha Clingman kilizidi ukweli kwa karibu mita 80, lakini hilo halikumpunguzia sauti.) Wakarushiana maneno magazetini.

Juni 1857, akiwa na miaka 63, Mitchell alirudi mlimani kutafuta ushahidi. Jioni moja akiwa peke yake alianguka kwenye maporomoko ya maji, akafa. Watu walitafuta siku kadhaa bila mafanikio, mpaka Big Tom Wilson, mwindaji wa dubu, alipofuata nyayo na kumkuta kwenye dimbwi chini ya maporomoko. Akazikwa mjini Asheville. Mwaka uliofuata mwili ukahamishiwa kileleni. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 wapimaji wa serikali kuu wakauthibitisha mlima kwa jina lake.

Tuje sasa kwenye mashoka. Miaka ya 1910 kampuni za mbao zilipandisha reli mlimani, na misitu minene ya misprusi, miti ya jamii ya misonobari, ikaanza kulala chini. Gavana Locke Craig alipoona uharibifu huo alikwenda kuwabana wabunge wa jimbo. Machi 1915 sheria ikapita, na fedha zisizozidi dola 20,000 zikatengwa kununua ardhi ya kileleni. Mimi naamini kaburi lilimsaidia Craig: miti peke yake ni vigumu kuitetea bungeni, lakini kilele alicholala mtu maarufu kila mbunge alikijua. Cha kuchekesha, mwaka huohuo treni ya wakata mbao ilianza kubeba watalii, wakipanda kwenda kutazama mandhari huku wakipita katikati ya visiki.

Sheria hiyo ilizuia shoka, na hapo ndipo uwezo wake ulipoishia. Miaka ya 1950 aligunduliwa mlimani mdudu mdogo mnyonya utomvu, aliyetoka Ulaya. Aliishambulia miti iitwayo Fraser, ya jamii ya misonobari, ambayo kiasili huota tu juu ya milima ya sehemu hiyo ya Marekani. Miti mikubwa ikafa kwa maelfu, ikabaki imesimama mikavu kama nguzo za simu. Wanasayansi wamebishana pia kuhusu mvua ya asidi itokanayo na moshi wa viwanda, na sioni kama wamemaliza. Miche imeota tena, lakini inapokomaa mdudu huirudia.

Na Clingman? Naye alipewa mlima wake, mpakani mwa North Carolina na Tennessee, mfupi kuliko Mount Mitchell kwa mita 12 hivi. Mwaka 2024 jina lake liliondolewa, mlima ukarudishiwa jina la Wacherokee, wenyeji wa asili wa eneo hilo: Kuwohi. Tuanze maswali.