Njia ya Kurudi: Lugha ya Modemu ya Setilaiti ni ya Nani?

Mabibi na mabwana, habari za jioni.

Wakati fulani kazini nilikabidhiwa stoo iliyojaa modemu za intaneti ya setilaiti. Zote nzima. Ukizichomeka kwenye umeme zinawaka na taa zinapepesa. Ila hazikuwa na kazi tena, kwa kuwa kampuni iliyotuuzia huduma ilikuwa imebadilisha mtambo wake wa ardhini na kununua wa mtengenezaji mwingine. Dishi ni lile lile, setilaiti ile ile, masafa yale yale. Kilichobadilika ni lugha. Tangu hapo, nikiulizwa kuhusu viwango huria, ambavyo yeyote anaweza kuvisoma na kuvijenga, na viwango vya kampuni moja, mawazo yangu hurudi kwenye stoo ile.

Intaneti ya setilaiti ina safari mbili. Kuna njia ya kwenda, kutoka mtambo wa ardhini hadi setilaiti na kushuka kwa mteja. Halafu kuna njia ya kurudi, kutoka kwa mteja hadi mtamboni. Watu wengi huzungumza kana kwamba ni kitu kimoja, na hapo ndipo wanunuzi wanapopotea.

Njia ya kwenda ilipata bahati, na bahati hiyo ni televisheni. Mradi wa DVB, wa viwango vya televisheni ya dijitali, ulianzishwa Ulaya mwaka 1993 ili ving'amuzi vya watengenezaji mbalimbali viweze kupokea matangazo yale yale. Chipu zikatengenezwa kwa mamilioni, bei ikashuka, na watu wa intaneti wakaziazima. Mwaka 2005 ETSI, taasisi ya viwango vya mawasiliano ya Ulaya, ikaidhinisha DVB-S2, kiwango cha pili cha DVB cha setilaiti. Waraka wake unapakuliwa bila malipo na yeyote anayetaka kuusoma. Kwa masafa yale yale na nguvu ile ile ya mtambo, kiwango hicho hupitisha data zaidi kwa takribani asilimia 30 kuliko kile cha kwanza. Kina namna 28 za kufunga data, kwa hiyo mvua ikizidi mtambo hushuka hadi namna ya polepole lakini imara, na mawasiliano hayakatiki kirahisi. Misimbo yake ya kusahihisha makosa ilitokana na pendekezo la kampuni ya Hughes, lililoshindanishwa na mengine. Napenda sana mfano huu. Kampuni ya biashara ilileta kazi yake bora mezani, na washindani wake wote wakaweza kuijenga. (Huria si bure, lakini. Hataza, yaani haki za wavumbuzi, zipo na hulipiwa. Uhuru ulio hapa ni wa kujua na kujenga.)

Televisheni hairudishi kitu, kwa hiyo njia ya kurudi haikuwa na mtu wa kuibeba. Nayo ni ngumu zaidi: maelfu ya modemu zinagombea masafa machache, na lazima kila moja ipangiwe zamu, kwa vipande vidogo vya muda. DVB ilileta kiwango chake, DVB-RCS, mwaka 2000. Hughes ikapeleka utaratibu wake yenyewe, IPoS, kwa chama cha viwango cha Marekani, TIA, ukapitishwa mwaka 2003. Kampuni ya ViaSat ikachukua DOCSIS, lugha ya intaneti ya kebo, ikaigeuza ifae setilaiti, na kampuni ya intaneti ya WildBlue ikaitumia kuhudumia wateja Marekani kuanzia 2005. Kila moja ina waraka wake. Lakini kiwango chenye waraka wazi na mlango mmoja tu wa kununulia kinakufunga vile vile.

Hata DVB-RCS ilikuwa na hiari nyingi mno ndani yake. Watengenezaji wawili waliweza kuufuata waraka kwa uaminifu, na bado vifaa vyao visielewane, hadi kundi la SatLabs likaundwa ili kuvipima na kuvipa cheti. Juu ya redio, yaani mawimbi yanayobeba data, kuna tabaka jingine. Setilaiti iliyotulia kilomita 35,786 juu ya ikweta huchelewesha swali na jibu kwa karibu nusu sekunde, na TCP, itifaki inayosimamia usafirishaji wa data kwenye intaneti, haikuzoea kusubiri hivyo. Watengenezaji wakaweka vichapuzi vya kuiharakisha, kila mmoja na chake. Redio zinakubaliana, vichapuzi vinakataana.

Upande uliofungwa una haki ya kusikilizwa. Setilaiti za Starlink, huduma ya intaneti ya kampuni ya SpaceX, ziko kilomita 550 hivi juu na hukimbia. Mgao wa nani ahudumiwe na ipi hupangwa upya kila sekunde 15. Kampuni inaunda setilaiti, inazirusha kwa roketi zake, inatengeneza dishi. Haina kamati ya kusubiri, na kasi yake inaonekana. Lakini ilibidi Todd Humphreys na wenzake wa Chuo Kikuu cha Texas, Austin, wayanase mawimbi ya Starlink na kuyachambua ndipo mwaka 2023 wachapishe muundo wake, ilhali mawimbi yenyewe yanatuangukia sote vichwani. OneWeb, kampuni nyingine ya intaneti ya setilaiti, nayo iliomba ulinzi wa kufilisika Machi 2020. Iliokolewa. Isingeokolewa, dishi lililotengenezwa kwa ajili yake lingezungumza na nani?

Matumaini yangu yako kwenye Toleo la 17 la 3GPP, muungano unaoandika viwango vya simu za mkononi, lililokamilika mwaka 2022, linalopeleka lugha ya simu za mkononi hadi kwenye setilaiti. Humo njia ya kurudi imeandikwa pamoja na ya kwenda, na nyuma yake wapo watengenezaji wengi wa chipu, kama ilivyokuwa kwa ving'amuzi.

Kwa wanaonunua leo: msiridhike na neno "huria" kwenye zabuni. Mwambieni muuzaji alete modemu ya mtengenezaji mwingine, iunganike na mtambo wake mbele yenu, kisha itume faili kubwa kwenda juu, siyo kupokea tu. Mimi nimeomba hivyo mara tatu. Katika mara hizo tatu, modemu ya mtengenezaji mwingine iliunganika mara moja tu.