Makopo Yanayonuka Siki

Asanteni kwa kuja na mvua yote hii. Nimeombwa nizungumzie filamu za hali halisi kuhusu wapigania uhuru weusi, nami nitaanza na bei.

Raoul Peck, mzaliwa wa Haiti aliyeishi Kongo utotoni, alipokuwa akitengeneza filamu yake juu ya Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, miaka ya 1990 ikianza, alihitaji picha za habari za enzi zile. Wenye mkanda wakamtajia dola 3,000 kwa dakika. Hakuificha bei hiyo, aliitamka ndani ya filamu yenyewe. Picha za siku zile wengi wenu mmeziona: Desemba 1960, Lumumba yuko juu ya lori, mikono imefungwa nyuma, askari anamvuta nywele. Wiki saba hazijatimia, akauawa Katanga, kusini mwa Kongo. Uso wake umefungiwa kwenye kabati la mtu Ulaya, na ukiutaka, lipa.

Amílcar Cabral, aliyeongoza wapigania uhuru wa Guinea-Bissau, Afrika Magharibi, hakungoja apigwe picha na wageni tu. Mwaka 1967, vita vya Guinea-Bissau dhidi ya Wareno vimepamba moto, alichagua vijana wanne akawapeleka Cuba kusomea sinema. Hebu fikirini: mko msituni, kila mkono una kazi, halafu kiongozi anasema hawa wanne waende wakajifunze kushika kamera! Walikuwa Sana na N'Hada (hilo lote ni jina la mtu mmoja), Flora Gomes, José Bolama Cobumba na Josefina Crato. Flora ni mwanamume, msibabaishwe na jina. Mwanamke ni Josefina.

Tarehe 24 Septemba 1973 uhuru ulipotangazwa Madina do Boé, ndani ya Guinea-Bissau, kamera zao zilikuwepo. Ureno bado ilikuwa inadai nchi ni yake. Cabral hayumo kwenye picha hizo, alikuwa ameuawa Conakry, mji mkuu wa nchi jirani ya Guinea, Januari ya mwaka uleule. Unawasomesha vijana, wanarudi wapige picha ya sherehe, na mwenye sherehe hayupo.

Sasa twende kwenye makopo ya kuhifadhia mikanda ya filamu. Mkanda wa asetati, aina ya plastiki, ukikaa kwenye joto na unyevu huoza, na ukioza hunuka siki. Unafungua kopo, pua inapata habari kabla ya macho. Mkanda unasinyaa, unajikunja, mwisho hauingii tena kwenye projekta. Bissau, mji mkuu wa Guinea-Bissau, ina joto, ina unyevu, na mwaka 1998 vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaikuta mikanda pale pale. Mingi ilipotea hivyo.

Iliyosalia ilipelekwa Berlin mwaka 2012 ikaingizwa kwenye kompyuta, msanii wa Kireno Filipa César akishirikiana na Sana na Flora. Ndiyo, Ulaya tena. Mnaocheka nawaelewa. Ila safari hii picha zilirudi: walizunguka nazo nchini, wakatundika skrini, watu wakakaa kutazama vita vyao wenyewe. Nyingi hazikuwa na sauti. Basi Sana, kijana wa 1967 ambaye sasa ni mzee, akashika maikrofoni akazisemea.