Ukitaka Kujenga Kompyuta, Anza na Umeme

ASHA: Habari za jioni wasikilizaji, karibuni tena. Tuko Mwanga, Kigoma. Mimi ni Asha, yule wa steshenari, na mwenzangu ni fundi Edson.

EDSON: Shikamoo dada Asha. Wasikilizaji, hamjambo?

ASHA: Marahaba. Leo ni kompyuta ya mezani. Unayo ya zamani unataka kuiongezea nguvu, au unataka kununua kifaa kimoja kimoja uiunge mwenyewe nyumbani. Ujumbe umekuja mwingi, na karibu wote unauliza jambo moja: ninunue prosesa gani, ule ubongo wa kompyuta?

EDSON: Hapo nitawaudhi watu mapema. Prosesa tutaifikia, ila anza na umeme. Kigoma tulikaa miaka na miaka nje ya gridi ya taifa, mji ukiendeshwa na majenereta ya dizeli, kwa hiyo umeme wa kukatika na kurudi ghafla hatuhitaji kusimuliwa. Mashine nyingi ninazoletewa zimekufa, ukiipima prosesa ni nzima kabisa. Kilichoungua ni powasaplai, kile kiboksi kinachogawa umeme ndani, na mara nyingine imeondoka na madabodi, ule ubao mkuu unaobeba vifaa vyote.

ASHA: Sasa mtu ataijuaje powasaplai nzuri? Dukani zote ni maboksi ya chuma yenye feni.

EDSON: Soma lebo. Achana na ile namba kubwa ya mbele, geuza ubavuni kuna jedwali dogo. Tafuta palipoandikwa volti 12, uone ampea ngapi, uzidishe kwa 12. Hii niliyoshika imeandikwa 500 kwa maandishi ya kujigamba. Hebu soma hapo kwenye volti 12.

ASHA: Ampea 18.

EDSON: Mara 12?

ASHA: Mia mbili... 216.

EDSON: Wati 216. Hizo ndizo prosesa na kadi ya grafiki, ile inayochora picha za kioo, zitagawana, kwa sababu kwenye kompyuta za siku hizi vinavyokula umeme mwingi karibu vyote viko kwenye mstari wa volti 12.

ASHA: Na zilizobaki kufika 500?

EDSON: Kidogo ni mistari ya volti 5 na 3.3. Nyingine ni wino. Halafu igeuze nyuma. Kama ina swichi ndogo nyekundu ya 115 na 230, hakikisha iko 230, maana ndio umeme wetu. Ukiiwasha ikiwa 115 utasikia mlipuko, utaona moshi, na mwenye duka hatakupokea. Nzuri nyingi za sasa hazina swichi hiyo, zinapokea kuanzia volti 100 mpaka 240 zenyewe.

ASHA: Kuna msikilizaji wa Ujiji, naye ana steshenari. Anasema amenunua UPS, kile kiboksi cha betri cha kushikilia umeme ukikatika, kila akichapisha inapiga kelele halafu inazima kila kitu.

EDSON: Printa yake ni ya leza?

ASHA: Ndiyo, ameandika ya leza.

EDSON: Aichomoe kwenye UPS leo hii, aipeleke ukutani. Ndani ya printa ya leza kuna roli linalopashwa moto ili tona, ule unga wa wino, iyeyuke ishike karatasi. Likianza kupasha, linavuta mamia ya wati kwa mpigo mmoja. Na UPS iliyoandikwa VA 650, ukiitazama vizuri, uwezo wake halisi ni kama wati 360 hadi 390. Kompyuta na monita zinaitosha. UPS kazi yake ni kukupa dakika chache uhifadhi kazi na kuzima kistaarabu.

ASHA: Na radi. Mvua za Oktoba zikianza msiniambie mmezima kompyuta, chomoeni na plagi.

EDSON: Na waya wa intaneti pia. Watu huusahau.

ASHA: Haya, umeme umekaa sawa. Mtu ana ile kompyuta ya mtumba ya ofisini, OptiPlex za Dell, EliteDesk za HP, ndizo zimejaa mjini. Inachukua robo saa kuwaka. Afanyeje?

EDSON: Atoe diski ya kuzunguka aweke SSD, diski ya chipu. Kabla ya kitu kingine chochote. Diski ya zamani ina sahani inayozunguka mara 7,200 kwa dakika, na kichwa kinachosogea huku na huku kutafuta kipande cha faili. Windows ikiwaka inasoma maelfu ya faili ndogondogo, basi kichwa kinahangaika. SSD haina cha kuzunguka wala cha kusogea. Hata ya SATA, ile ya kuunga kwa waya, ambayo mwisho wake ni kama megabaiti 550 kwa sekunde, mashine ya mwaka 2013 utaona imefufuka.

ASHA: Hilo nalithibitisha. Yangu ya kaunta tulibadilisha diski tu, mteja sasa hakai kunikodolea macho. Lakini vitu vilivyomo vinahamaje?

EDSON: Njia mbili. Unaweza kunakili diski nzima kwa Clonezilla, ni programu ya bure. Mimi napenda kuanza upya: hifadhi mafaili yako pembeni, tengeneza flashi ya kuanzia GB 8, sakinisha Windows safi. Virusi vya miaka yote ile vya nini kuvihamisha nyumba mpya?

ASHA: Flashi za wanafunzi hizo! Haya, ramu, ile kumbukumbu ya muda ya kompyuta.

EDSON: Kabla hujafungua hata skrubu, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda sehemu ya utendaji, bofya kumbukumbu. Windows itakwambia una nafasi ngapi za ramu na ngapi zimejaa. Kama una kijiti kimoja cha GB 4, ongeza. GB 8 ndio pa kuanzia kwa kazi za ofisi, 16 kama unakata video. Na viwe viwili vinavyofanana, maana prosesa inasoma njia mbili kwa wakati mmoja. Kama huna kadi ya grafiki, tofauti utaiona.

ASHA: Nimemwona kijana mmoja hapa anailazimisha ramu kwa kidole gumba, jasho linamtoka.

EDSON: Alikuwa na aina nyingine. DDR3 na DDR4 ni vizazi viwili vya ramu, zote zina pengo dogo kwenye meno ya shaba, ila pengo haliko mahali pamoja. Wametengeneza hivyo makusudi, kwa sababu hata volti ni tofauti: DDR3 ya kawaida ni 1.5, DDR4 ni 1.2. Kwa hiyo kwanza linganisha pengo na kile kijinundu cha kwenye nafasi. Vikilingana, fungua vishikio, bonyeza pande zote mbili sawasawa, kishikio kitajifunga chenyewe na utasikia. Ikigoma, simama. Umebeba ramu isiyo yake.

ASHA: Sasa nifike kwa mpwa wangu. Yuko kidato cha nne, anataka kadi ya grafiki ya michezo. Nyumbani kuna OptiPlex ile nyembamba.

EDSON: Nyembamba ya mfano gani?

ASHA: 9020.

EDSON: Ahaa. Pole yake. Kwanza kasha: kadi ya kawaida haiingii kwa urefu, lazima apate zile fupi. Pili, powasaplai ya kasha hilo ni wati 255, na haina waya wa ziada wa kulisha kadi. Tatu, akisema basi nabadilisha powasaplai, atakuta Dell kwenye 9020 wameweka plagi ya pini 8 kwenye madabodi, wakati powasaplai za dukani zina ya pini 24. Kuna kebo za kugeuzia, lakini hata hivyo powasaplai kubwa haitaingia kwenye kasha lile.

ASHA: Kwa hiyo mtoto nimwambie basi?

EDSON: Hapana. Ile nafasi ya kadi kwenye madabodi imeruhusiwa kutoa mpaka wati 75. Kuna kadi zinazoridhika na hizo, kama GTX 1650 za aina isiyo na plagi ya umeme, na RX 6400 inakula chini ya hapo, wati 53. Atafute toleo fupi, na aangalie unene pia, maana nyingine zinakula nafasi mbili. Atacheza. Si kila mchezo, lakini atacheza.

ASHA: Nitamwambia fundi amesema masomo kwanza.

EDSON: Usiniingize kwenye ugomvi wa familia, dada.

ASHA: Halafu kuna hili la Windows 10. Microsoft walifunga masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Mtu akienda kununua mtumba leo, aangalie nini?

EDSON: Kizazi cha prosesa. Windows 11 kwa upande wa Intel inaanzia kizazi cha nane, pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Dukani zimepangwa pamoja, OptiPlex 7050 na 7060, ukizitazama ni mapacha. Lakini 7050 ni kizazi cha saba na cha sita, imeachwa nje. 7060 ni cha nane, imo. Kwa HP, EliteDesk 800 G3 iko nje, G4 imo. Kwenye prosesa yenyewe, i5-7500 hapana, i5-8500 sawa. Muuzaji atakwambia zote ni i5. Ni kweli, lakini haijakusaidia kitu.

ASHA: Na aliyekwisha nunua ya kizazi cha nne?

EDSON: Linux Mint, mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows. Bure, masasisho yanaendelea, na kwa barua, mahesabu na mtandao inatosha. Ila dada, wewe una programu za printa na za ofisi ulizozizoea, jaribu kwanza kwa flashi kabla ya kufuta chochote.

ASHA: Tuje kwa wale wenye fedha kidogo wanaotaka kuunga kuanzia sifuri. Mimi nasema wajenge mpya kabisa, wasahau mtumba.

EDSON: Mimi nasema wasubiri, au wachague kwa akili. Tangu mwishoni mwa 2025 bei ya ramu mpya imepanda duniani kote, kwa sababu viwanda vinaelekeza chipu kwenye vituo vya data vya akili mnemba. Madabodi za prosesa za AMD zenye soketi ya AM5, yaani kile kitako prosesa inapokaa, zinakubali ramu ya DDR5 peke yake. Kwa hiyo ukichagua AM5 umeshajifunga kwenye ramu ghali. AM4 ya mwaka 2016 bado inauzwa, inatumia DDR4, na DDR4 ya mtumba inapatikana.

ASHA: Lakini unanunua kitu ambacho kimefika mwisho wake.

EDSON: Kimefika, sawa. Ila Ryzen 5 5600G, prosesa ya AM4, ina kori sita, yaani bongo sita ndani ya chipu moja, na grafiki yake ndani, wati 65. Kwa umeme wetu na UPS yako ndogo, hiyo ndiyo mashine. Kadi ya grafiki utaongeza mwakani.

ASHA: Hapo hujanishawishi. Mtu akijikusanya mara moja baada ya miaka, anunue kinachokwenda mbele.

EDSON: Akijikusanya vya kutosha, sawa. Wengi wanaishia na AM5, kijiti kimoja cha GB 8, na powasaplai ya wino.

ASHA: Eh! Hilo la kijiti kimoja nimeliona.

EDSON: Kuunga kwenyewe si kugumu. Iache madabodi juu ya boksi lake, weka prosesa, ramu na feni, washa uone picha, ndipo uingize kwenye kasha. Prosesa za AM4 pini ziko chini ya prosesa yenyewe, zinapinda ukizitazama vibaya. Kuna pembetatu ya dhahabu kwenye kona, ifuate, iache idondoke kwa uzito wake, usibonyeze. Na kabla ya kugusa chochote, shika chuma cha kasha, umeme tuli wa mwilini utoke.

ASHA: Na wale wanaopiga simu usiku kwamba imewaka, feni zinazunguka, kioo cheusi?

EDSON: Kwanza ramu, ichomoe urudishe. Kisha tazama jina la prosesa. Intel yenye F mwishoni, kama i5-12400F, haina grafiki ndani. Ukichomeka monita kwenye madabodi utakesha. Na kama una kadi, waya wa monita uende kwenye kadi.

ASHA: Vifaa vikitoka Kariakoo kwa basi?

EDSON: Mwambie muuzaji apige picha namba za vifaa kabla ya kufunga, na hitisinki kubwa, kile chuma cha kupoza prosesa, isifungwe kwenye madabodi njiani, itainyonga. Ulizia waranti kwa maandishi, na nani analipa gharama ya kurudisha mzigo.

ASHA: La mwisho, nimeliacha kwa makusudi. Diski ya zamani ukishaitoa. Sisi wa steshenari tunaskani vyeti na vitambulisho vya watu kutwa nzima. Watu wanaziuza diski hizo hivihivi, na nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika 2023.

EDSON: Na kufuta mafaili hakutoshi. Wala ile fomati ya haraka, inafuta orodha tu, yaliyomo yamebaki. Unapofomati kwenye Windows, toa alama ya tiki pale kwenye haraka. Hapo itaandika sifuri diski nzima.

ASHA: Inachukua muda gani?

EDSON: Ya GB 500, saa moja na nusu, mbili, kutegemea uzima wake.

ASHA: Na umeme ukikatika katikati?

EDSON: Unaanza upya.

ASHA: Basi yangu nitaifanya Jumapili mchana. Wasikilizaji, wiki ijayo ni printa, leteni maswali yenu ya tona na katriji. Edson, rudisha skrubu zangu zote.