Mjomba wa Igombe na uzio wa paka wangu

Mwangaluka, wana Mwanza! Leo hamnioni na koti. Nipo Igombe, uani kwa mjomba, jua linachoma kweli kweli. Huyo nyuma yangu anayeshona nyavu ndiye mwalimu wa video ya leo, ila kagoma kuonyesha sura, kwa hiyo mtaona mikono tu.

Nilipoweka picha za uzio wangu wa kule Buffalo, Marekani, uliobomoka, mlinicheka hadi basi. "Paka anajengewa uzio?" Ndiyo, anajengewa. Mbele ya nyumba kuna barabara, magari hayalali, na paka mwenyewe hajui kuangalia kulia wala kushoto. Basi bustani ya nyuma nikaizungushia mbao, kimo mita 1.8, juu nikafunga vyuma vilivyoinamia ndani, na juu ya vyuma nikatandika wavu wa plastiki kama upenu. Paka akipanda anakutana na wavu kichwani, anashuka kanuna.

Ikaja theluji. Buffalo ipo kando ya Ziwa Erie, nalo lina vituko vyake kama letu linavyotushushia radi usiku. Upepo wa baridi kali unapita juu ya maji ambayo bado yana joto, unabeba mvuke, ukigusa nchi kavu unamwaga. Novemba 2022 mji jirani wa Orchard Park ulipata kama mita mbili kwa siku chache. Mita mbili, jamani, inamfunika hata mjomba.

Yangu haikufika huko, na haikuhitaji kufika. Nilinunua wavu wa macho madogo nikijiona mjanja. Theluji yenye maji ikanata kwenye uzi, jicho moja likaziba, la pili likaziba, kufika asubuhi wavu umekuwa paa. Theluji ya namna ile, unene wa sentimita 25 tu, kwenye mita moja ya mraba inaweza kufika kilo 50. Mfuko mzima wa saruji! Skrubu ziling'oka na vipande vya mbao, vyuma vikalala. Na paka? Kapanda rundo la theluji lililoegemea uzio, katoka zake anatembea, hata kuruka hakuruka.

Mjomba nilipomwonyesha picha hakucheka. Kavuta simu karibu na macho, kauliza, "Huu si wa dagaa huu?" Nikamwambia unafanana. "Wa dagaa unazoa kila kitu. Na ukiweka wa sangara, paka wako anapita kama yupo sokoni." Tukachukua rula. Jicho la sentimita 5 ndilo tulilokubaliana: paka mkubwa hapenyezi kichwa, theluji kavu inadondoka. Iliyoloa bado itanata, hilo nimemweleza.

Ndipo akaniuliza swali lililoniuma: "Mlitangaziwa hali ya hewa?" Tulitangaziwa. "Na wavu ukauacha nje?"

Niliuacha.

Kwa hiyo nikirudi, vyuma vyote navifunga kwa bawaba. Dhoruba ikitangazwa nachomoa pini, upenu unashuka na kulala wima kwenye mbao, theluji haina pa kukaa, na paka anabaki ndani siku hizo, apende asipende. Nyuzi za kufungia wavu nitaweka nyembamba. Mjomba anasema bora ukatike uzi wa bei rahisi kuliko chuma king'oke na mbao zake. Ikinikuta sijashusha, nasukuma kwa ufagio kutoka chini, taratibu, nikianzia ukingoni. Ikishaganda sipigi, maana plastiki kwenye baridi ile inavunjika. Na lile rundo la chini nalichota kabla halijawa ngazi.

Mjomba anauliza bawaba moja kule ni shilingi ngapi. Nikimwambia ata... Ebu ngoja! Mnaona pale kwenye kichanja? Paka wake kashaingia kwenye dagaa. We! We toka hapo!